Tenda Wema, Usiende Zako

Kuna mzaha unaozunguka sana katika mabweni yetu. Husemwa kwamba Mzungu akishiba humkumbuka mbwa, akishamshibisha mbwa humkumbuka paka, na paka naye akishashiba, Mzungu huyo hwenda buchani kununua mafuta ya ng'ombe ili awatundikie ndege nje ya dirisha lake. Hapo watu hucheka hadi machozi yakawatoka. Kisha msimulizi hufunga kwa sauti ya hekima: "Na hapa kwetu kuna watoto hawajaonja nyama tangu Krismasi."

Mzaha huu haunichekeshi, na nimeandika insha hii ili niupinge. Ninasema hivi: anayetundika mafuta kwa ajili ya ndege anaweza kukosea, lakini kosa lake linachunguzwa, linapimwa na linaweza kusahihishwa. Sisi tunaomcheka tunalisha ndege pia. Tunawalisha kwa mafuta, kwa nyama, kwa matumbo na kwa plastiki, kila siku ya Mungu, na hatutaki hata kukiri kwamba tunalisha. Kati ya hawa wawili, mwenye kustahili kuchekwa si yule wa dirishani.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanaokicheka hawakijui. Mafuta yanayozungumziwa hapa ni yale magumu, meupe, yanayozunguka figo za ng'ombe au kondoo. Kiswahili kina neno shahamu kwa mafuta ya mnyama, na hilo ndilo nitakalolitumia. Shahamu hukatwakatwa, huyeyushwa kwa moto mdogo, huchujwa ili kuondoa vipande vya nyama na utando, kisha humiminwa katika chombo ipoe. Wapo wanaochanganya humo karanga, shayiri au mbegu za alizeti kabla haijaganda. Ikishaganda hutiwa katika kitundu cha waya na kutundikwa mtini. Ndege wenye makucha ya kung'ang'ania, kama vigogota, hushika waya na kudonoa.

Kwa nini wapewe mafuta, na si mkate? Jibu lake ni baridi. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tunajua usiku wa saa 12, mwaka mzima. Kaskazini mwa Marekani, mwezi Januari, usiku hupita saa 14, na nje maji yote yamekuwa barafu. Katika usiku huo yuko ndege aitwaye chikadi, mwenye kofia nyeusi kichwani, ambaye uzito wake ni kama gramu 11, yaani karibu sawa na vijiko 3 vya chai vya sukari. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mwili mkubwa. Chikadi hula mchana kutwa ili apate mafuta ya kuunguza usiku kucha, na kesho yake huanza tena karibu na sifuri. Gramu 1 ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara 2 ya gramu 1 ya wanga. Kwa ndege aliye katika hali hiyo, shahamu si anasa. Ni kuni.

Jambo hili halikuachwa kuwa hisia za wapenda ndege tu. Katika jimbo la Wisconsin, watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple waliwafuatilia chikadi waliopata chakula cha kuwekewa na wale wasiopata, na mwaka 1988 wakachapisha walichokiona. Kati ya waliowekewa chakula, asilimia 69 walivuka majira ya baridi wakiwa hai. Kati ya wasiowekewa, walivuka asilimia 37 tu. Tofauti hiyo ilitokana hasa na miezi ya baridi kali. Baridi ilipokuwa ya kawaida, chakula hicho hakikubadili mengi. Baadaye watafiti haohao waliuliza swali ambalo kila mwenye shaka angeuliza: je, ndege aliyezoea kupewa atakufa akinyimwa? Waliondoa chakula mahali kilipokuwa kimewekwa kwa miaka mingi, na ndege wa hapo waliishi sawa na wale ambao hawakuwahi kuwekewa kitu. Ndege hakuwa ombaomba. Alikuwa ameupokea msaada wakati wa shida, basi. Wahenga wetu wasingeshangaa, kwa sababu walikwisha kusema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Sasa nigeukie hoja ya pili iliyojificha ndani ya mzaha ule, kwamba kulisha ndege ni kumtukana mwenye njaa. Hoja hii ina sauti nzuri, na ndiyo maana inatumiwa ovyo. Nauliza: ni mtoto gani wa Kampala, Gulu au Mbale aliyekosa nyama kwa sababu kigogota wa Uingereza alidonoa shahamu? Mafuta ya figo ni sehemu ambayo walaji wengi wa huko hawaitaki mezani. Huuzwa bei ya chini, na wakati mwingine mwenye bucha huitoa bure. Njaa yetu ina sababu zake, na tunazijua: ardhi, barabara, bei, mvua, uongozi. Kuibeba njaa hiyo na kuitua mgongoni mwa ndege mwenye gramu 11 ni kukwepa mjadala. Isitoshe, nimeona kwamba wanaopenda kutaja mwenye njaa wakati ndege anapolishwa hawamtaji wakati wao wenyewe wanapomwaga nusu sahani ya posho kwenye pipa la hosteli.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Hoja ya njaa ina umbo moja lenye nguvu, na wachekaji wetu hawalitumii kwa kuwa hawalijui, kwa hiyo nitawasaidia. Nchini Ethiopia hulimwa mmea uitwao nuug, wenye maua ya manjano, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Mbegu hizohizo husafirishwa hadi Marekani na kuwekwa katika vyombo vya kulishia chiriku nyuma ya nyumba. Hapo ndipo mtu angeweza kusimama na kuuliza kwa haki: shamba la Mwafrika linamlisha nani? Nakubali kwamba swali hilo ni zito. Lakini mkulima wa nuug huuza mbegu zake na kulipwa, kama anavyolipwa mkulima wetu wa kahawa, zao ambalo halijamshibisha mtu yeyote. Tukitaka kulihukumu shamba la nuug, tulihukumu na la kahawa, la chai na la maua. Tukiogopa kufanya hivyo, tumwache chiriku ale.

Msomaji asidhani kwamba nimegeuka wakili wa kila atundikaye kitundu. La. Nina shtaka langu dhidi yao, nalo ni zito kuliko mzaha wa bwenini.

Tazama yaliyompata chiriku kijani wa Uingereza. Mwaka 2005 ulionekana kwa ndege hao ugonjwa unaoletwa na kimelea kinachoshambulia koo. Ndege huvimba koo, hushindwa kumeza, hutema chakula kilicholowa mate, na mwenzake hufika na kukidonoa. Porini ndege hawa wangekula wakiwa wametawanyika. Kwenye kibao cha kulishia hukusanyika makumi mahali pamoja, kila siku, juu ya mabaki ya jana. Katika miaka michache idadi ya chiriku kijani nchini humo ilishuka kutoka takriban milioni 4.3 hadi takriban milioni 2.8, na mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Marekani nayo ina kisa chake. Mwaka 1994, katika maeneo yanayozunguka jiji la Washington, walionekana chiriku wa nyumbani wenye macho yaliyovimba na kufunga kwa usaha. Bakteria waliosababisha maradhi hayo walikuwa wakijulikana kwa wafugaji wa kuku. Vyombo vya kulishia ndege vikawa kama kikombe kimoja kinachonywewa na kijiji kizima wakati wa kipindupindu.

Shahamu yenyewe pia imewahi kushtakiwa. Katika misitu ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, watafiti waliwawekea ndege wadogo wa rangi ya buluu na manjano vipande vya mafuta wakati wa baridi, kisha wakaviondoa, wakasubiri majira ya kuzaliana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ndege wa misitu iliyowekewa mafuta walilea makinda madogo zaidi, mepesi zaidi, na yaliyokufa kwa wingi zaidi kuliko ya misitu isiyowekewa kitu. Chakula kilekile kinachoonekana dirishani kama upendo mtupu kilikuwa na deni, na deni hilo lililipwa na makinda miezi kadhaa baadaye, mlishaji akiwa ameshasahau.

Hapa ndipo ninapokosana na methali inayopendwa sana, "tenda wema, nenda zako." Najua wahenga walikusudia kumfundisha mtu asidai shukrani, na kwa maana hiyo sina ugomvi nao. Lakini watu wengi wameifanya iwe ruhusa ya kutupa wema na kukimbia. Kwa viumbe tunaowalisha, methali hiyo ni hatari. Ukitenda wema, usiende zako. Baki uoshe chombo. Baki uhesabu waliokuja leo na waliokuja jana. Baki utazame kama yuko mwenye koo lililovimba, na ukimwona, ondoa chakula siku hiyohiyo ili kundi litawanyike. Jua likizidi, ondoa shahamu, kwa sababu ikilainika huchacha, na mafuta yaliyoyeyuka hugandamana na manyoya ya kifua yakashindwa kumkinga ndege na maji. Usimtupie mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, kwa kuwa yana chumvi na yamelainika. Asiyeweza kubaki asianze.

Na kwa haki lazima niseme kwamba wengi wao wamebaki. Takwimu nilizozitaja juu ya chiriku na makinda hazikukusanywa na maadui wa ulishaji. Zilipatikana kwa sababu kuna watu wanaolisha, wanaohesabu, wanaoandika na wanaokubali kuambiwa kwamba wamekosea. Karanga zinazouzwa huko kwa ajili ya ndege hupimwa na wauzaji waaminifu ili kuhakikisha hazina sumukuvu. Ndugu msomaji, soma sentensi hiyo tena, kisha ukumbuke karanga ulizonunua jana jioni kando ya barabara, na umuulize aliyekuuzia zilipimwa wapi.

Nyani haoni kundule. Sasa tuutazame mji wetu.

Anayeishi Kampala hahitaji kuelezwa kaloli ni nani. Kwa wasomaji wa nchi jirani niseme kwamba ni korongo mkubwa mwenye upara, mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni na miguu iliyopakwa weupe kwa kinyesi chake mwenyewe, jambo linalompunguzia joto. Husimama juu ya miti ya Makerere na Wandegeya kama wazee wa baraza waliochoka kusikiliza kesi. Wageni humpiga picha. Wenyeji humtukana: mchafu, mbaya, mla taka. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere alikuwa akiandika juu ya kuenea kwa kaloli nchini Uganda tangu miaka ya 1970, na kadiri mji ulivyokua ndivyo ndege hawa walivyouzoea, wakajenga viota na kulea makinda juu ya vichwa vyetu.

Nani aliwaita? Tuliwaita sisi. Kaloli amekuja kwa matumbo yanayomwagwa nyuma ya machinjio, kwa mafuta na mifupa inayotupwa kando ya soko, kwa mabaki ya jiko la hosteli yanayorundikwa nje ya ukuta kwa siku 3. Hiki ndicho kitundu chetu cha shahamu. Tofauti ni kwamba hakioshwi, hakihesabiwi, na ndani yake mna mifuko ya plastiki iliyopakwa mafuta, ambayo ndege humeza pamoja na nyama. Mlishaji wa Wisconsin anatumia kipande kinachotosha kiganja. Sisi tunatumia malori.

Dampo la Kiteezi, kaskazini mwa mji, lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996. Kwa kaloli lilikuwa karamu isiyokwisha. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua watu wasiopungua 30. Sitaki kuutumia msiba huo kama pambo la hoja. Ninautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mambo haya mawili ni jambo moja: mji usiojua unamlisha nini ndege ni mji usiojua taka zake zinakwenda wapi, na kutojua huko kuliwazika watu wazima na watoto wakiwa majumbani mwao.

Pwani ina kaloli wake pia. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kwa nia njema kabisa, ili asaidie kuondoa taka. Taka hazikwisha. Kunguru alizila, akazaana, akavuka bahari, akaenea Dar es Salaam, Mombasa, Malindi na kwingineko, akila mayai na makinda ya ndege wa asili na vifaranga vya akina mama wafugao kuku. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni 1. Tafakari mwendo huo: tulimwalika, tukamlisha zaidi ya miaka 100, tukamchukia, tukamtilia sumu. Na hadi leo mapipa ya taka ya miji ile hayana vifuniko. Utaua kunguru milioni 1 na meza itabaki imeandaliwa kwa ajili ya milioni inayofuata.

Atatokea mwenzangu atakayesema: "Lakini sisi hatukukusudia kulisha. Kulisha bila kukusudia si kulisha." Jibu langu ni kwamba ndege hali nia yako. Anakula kilichopo. Ushahidi mchungu zaidi wa jambo hili unatoka India, Pakistani na Nepali. Huko mizoga ya ng'ombe iliachwa iliwe na tumbusi, nao waliifanya kazi hiyo kwa vizazi vingi. Kisha wafugaji wakaanza kuwatibu ng'ombe kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Hakuna mfugaji aliyekusudia kumuua tumbusi. Hata hivyo, tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo aliharibika figo akafa, na kufikia wakati sayansi ilipomtambua muuaji, mwaka 2004, aina 3 za tumbusi zilikuwa zimepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ndege wake. Nchi hizo ziliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Sisi Kampala tunaye tumbusi mdogo anayezunguka machinjio pamoja na kaloli, na tangu mwaka 2015 aina yake imeorodheshwa duniani kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ni nani kati yetu anayejua ng'ombe aliyechinjwa leo alidungwa nini juzi?

Mwingine atasema: "Kaloli anatusafishia mji, mwache ale." Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ninaiheshimu kuliko ile ya kwanza. Ni kweli kwamba kaloli ameifanya kazi tulioishindwa. Lakini mtu hawezi kumsifu mfagiaji huku akikataa kuacha kumwaga uchafu, tena uchafu wenye plastiki. Na nitasema jambo ambalo wapenzi wa kaloli hawatalipenda: siku tutakapofunika mapipa yetu na kuzika mabaki ya machinjio ipasavyo, kaloli watapungua mjini. Ninalikubali hilo. Kaloli alikuwa na maisha kabla ya Kampala, kwenye nyika na kingo za maziwa, akila mizoga, samaki na vyura. Ni afadhali kaloli wachache wanaokula chakula chao kuliko maelfu wanaokula fedheha yetu.

Basi, je, tuwaige Wazungu na kutundika shahamu kwenye miti ya chuo? Wapo watakaotoka kwenye kicheko na kuingia kwenye uigaji kwa hatua moja, kwa maana ndivyo tulivyozoea kuyapokea mambo ya ng'ambo: ama tunayadhihaki, ama tunayanakili. Nasema hapana. Shahamu ni dawa ya usiku wa barafu wenye saa 14, na dawa ya baridi haitibu joto. Katika jua la Kampala italainika kabla ya saa sita mchana na kuchacha kabla ya kesho, na wa kwanza kufika watakuwa kunguru, panya na siafu. Tunachopaswa kukichukua kutoka Wisconsin na Cornwall ni swali lao: ninampa nani nini, na baada ya hapo anapatwa na nini?

Chakula cha ndege wetu kipo, na kinaota chenyewe ilimradi hatujakikata. Mti wa mutuba, ambao gome lake huwapa Waganda vazi la lubugo, huzaa tini ndogondogo zinazoliwa na hondohondo, shore, njiwa pori na wengine wengi. Mti mmoja wa mutuba unalisha ndege wengi kuliko vitundu vingi vya waya, hauhitaji kuoshwa, na hakuna anayelazimika kula juu ya mate ya mwenzake. Mafunjo ya ufukwe wa Lutembe, kwenye Ziwa Viktoria kati ya Kampala na Entebbe, yanawapokea ndege wa maji wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ileile tuliyoizungumzia. Eneo hilo lilitambuliwa mwaka 2006 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na bado watu wanaikodolea macho kila kipande chake kinachoweza kujazwa udongo. Mbayuwayu anayeruka juu ya uwanja wetu wa mpira mwezi Novemba hawezi kusaidiwa na shahamu ya mtu yeyote, kwani hula wadudu akiwa angani. Mwingereza aliyemwona kwenye banda la ng'ombe mwezi Julai na mimi niliyemwona hapa tuna ndege mmoja. Yeye akitundika mafuta kwa wanaobaki, ni juu yangu kutunza kinamasi kwa wanaokuja.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuna aibu nyingine ndogo. Muulize mwanafunzi wa lugha hii akutajie ndege 10, na akishapita kuku, bata na njiwa ataanza kukuna kichwa. Neno "ndege" lenyewe limetuishia kwenye uwanja wa Entebbe. Lakini lugha inazo hazina: shore, chiriku, kigogota, hondohondo, kwezi, mbayuwayu, tumbusi, korongo, mwewe, shomoro. Mtu hamchungi asiyemjua jina. Nawaomba wahadhiri wetu watutoe darasani hata mara moja kwa muhula, twende chini ya miti hii na kalamu, tuandike tunachokiona kwa Kiswahili. Itatusaidia zaidi ya kukariri orodha ya ngeli.

Na kwa wanafunzi wenzangu nina maombi ambayo hayahitaji bajeti ya serikali. Tudai mapipa yenye vifuniko katika hosteli tunazolipia. Tutenganishe mabaki ya chakula na plastiki, maana mabaki hayo yakichimbiwa huwa mbolea. Tukiona mutuba unapimwa kwa ajili ya msumeno ili gari la mtu lipate kivuli cha bati, tuulize kwa sauti ni nani aliyeruhusu. Tuhesabu kaloli wa chuo kila mwezi na kuiandika hesabu hiyo ubaoni, ili tujue kama mji unasafika au unachafuka, kwa sababu hakuna kipimo cha taka kilicho wazi kama ndege huyu.

Hayo yakishafanyika, anayetaka kucheka acheke. Atakuwa amepata haki ya kumtazama mtu wa mbali anayepanda ngazi kwenye theluji, mkononi ana kipande cha mafuta, na kumuuliza kama chombo chake amekiosha.